Kumshughulisha Mtoto Mdogo Nyumbani Kunapokuwa na Kichanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wenye mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 3 ambaye amepata mdogo wake, au yuko karibu kumpata. Katika maelezo yote, "mkubwa" ni huyo anayetembea na kuanza kuzungumza, ingawa kwa kweli naye bado ni mdogo sana, na "kichanga" ni yule aliyezaliwa karibuni.

Mwanangu alikuwa akicheza vizuri peke yake. Kwa nini hawezi tena tangu mdogo wake azaliwe?

Mara nyingi hakuwa akicheza peke yake. Alikuwa akicheza huku akijua kwamba akiinua macho atamkuta mzazi wake anamtazama, na kwamba akiita ataitikiwa. Kichanga anapoingia ndani ya nyumba, macho yale na mwitikio ule hupungua ghafla, kwani mtoto mchanga hunyonya takriban mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na bado kuna kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza alale. Watafiti Judy Dunn na Carol Kendrick, waliofuatilia familia 40 mjini Cambridge nchini Uingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1982, walibaini kwamba utundu na madai ya mkubwa huongezeka hasa pale mama anapokuwa ameshughulika na kichanga.

Mkubwa, basi, hajapungukiwa na vitu vya kuchezea. Amepungukiwa na mtu. Ndiyo maana lundo la midoli mipya iliyonunuliwa wiki ya kujifungua hukaa pembeni baada ya siku chache, na mtoto akarudi kuning'inia kwenye nguo ya mama yake. Michezo inayopendekezwa hapa imechaguliwa kwa kigezo kimoja: mzazi aweze kushiriki akiwa ameketi, kwa mkono mmoja na kwa sauti yake.

Tumwandae lini, na kwa maneno gani?

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hana haja ya kuambiwa miezi mingi kabla, kwa kuwa hawezi kuupima muda huo. Inatosha kuanza kuzungumza naye tumbo linapokuwa kubwa na maandalizi yanapoonekana. Aliyekaribia miaka 3 anaweza kuambiwa mapema kidogo, na atauliza maswali yale yale kila siku. Mweleze kichanga kama alivyo: atalia, atanyonya, atalala, na kwa muda mrefu hataweza kucheza. Mtoto aliyeahidiwa mwenzake wa kucheza naye, kisha akaletewa mtu anayelala saa 14 hadi 17 kwa siku, ana haki ya kuona kwamba amedanganywa.

Mabadiliko mengine makubwa, kama kumhamisha kitanda, kumfundisha poti au kumwachisha ziwa, ni vyema yafanyike miezi michache kabla ya kujifungua au yasubiri hadi hali itulie.

Nifanyeje wakati wa kunyonyesha? Hapo ndipo fujo zote huanzia.

Anza na mkubwa. Kichanga akionyesha dalili za mapema za njaa, kwa mfano kugeuza kichwa akitafuta ziwa au kupeleka mkono mdomoni, bado unazo dakika chache kabla hajaanza kulia. Zitumie kumpeleka mkubwa chooni, kumpa maji katika kikombe kisichomwagika, kumkumbatia na kumwambia kitakachofuata kwa lugha anayoielewa. Mtoto wa umri huu hajui dakika 20 ni nini, lakini anaelewa vizuri akiambiwa, "Mtoto atanyonya, halafu tutatoka nje." Ahadi hiyo ikishatolewa itimizwe, hata kama huko nje mtakaa dakika 5 tu, kwa sababu mtoto akishaona kwamba "halafu" huwa haifiki, ataacha kuisubiri. Poti nayo iwe karibu na unapoketi. Wazazi wengi watakuambia kwamba haja kubwa ya mkubwa huja sekunde ile ile kichanga anapolikamata ziwa.

Jambo linalofuata ni mahali pa kuketi. Kiti kirefu kilicho kona ya mbali humfanya mkubwa aone kwamba amefungiwa nje ya jambo lenyewe. Ukiketi sakafuni umeegemea ukuta, au kwenye godoro lililowekwa chini, anaweza kukaa ubavuni mwako, akaegemeza kichwa begani na kukuonyesha anachokifanya. Mlango wa chumba ufungwe, na kila kitu cha hatari kiwe kimeondolewa kabla, ili usilazimike kunyanyuka huku kichanga ananyonya. Chumba kimoja kilichosafishwa kwa namna hiyo kina faida kuliko nyumba nzima iliyojaa maonyo ya "usiguse".

Kisha kuna kapu la kunyonyeshea, yaani kapu au boksi ambalo hutolewa tu kichanga anaponyonya na kurudishwa juu ya kabati mara anapomaliza. Nguvu yake iko katika huko kufichwa. Ndani yake weka vitu vichache: vitabu viwili vya kurasa ngumu, kalamu nene za rangi na karatasi, vitambaa vya rangi mbalimbali, vipande vikubwa vya kujengea, na makopo matatu au manne ya plastiki yenye mifuniko. Kila baada ya siku kadhaa badilisha vitu viwili au vitatu, si vyote, ili akute vipya pamoja na anavyovizoea.

Makopo hayo yanastahili maelezo zaidi, kwani hupita midoli mingi ya dukani. Kunja jozi ya soksi iwe mpira, ifiche ndani ya kopo moja, funga yote, kisha uliza, "Soksi imelala wapi leo?" Mtoto wa miezi 18 atahangaika na mfuniko kwa vidole vyote, atatikisa, atasikiliza, atafungua lisilo na kitu na kukutazama usoni kuona kama unacheka. Akiipata, mwambie sasa yeye akufichie, nawe ukosee kwa makusudi. Mchezo huu hauhitaji mikono yako hata kidogo, na mtoto hauchoki haraka kwa sababu nusu ya mchezo ni uso wako.

Michezo mingine ya sauti hufanya kazi hivyo hivyo: kumtuma alete kitu chekundu, kisha kitu laini, kisha kitu chenye tundu, kuimba wimbo na kunyamaza kabla ya neno la mwisho ili alimalizie yeye, au kumsimulia hadithi ambayo mhusika wake ana jina lake, ana viatu kama vyake na leo asubuhi alimwaga uji kama yeye. Hadithi hii ya mwisho usiidharau. Watoto wa umri huu hupenda kusikia siku yao ikisimuliwa kuliko habari za sungura na simba.

Wanaotumia chupa wafuate utaratibu huo huo, ila wana nafasi moja ya ziada: mtu mwingine anaweza kumlisha kichanga mara kadhaa kwa siku, na mama akabaki na mkubwa kwa mikono miwili.

Kuna michezo inayomshika mtoto kwa muda mrefu zaidi?

Ipo. Kumimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine, kuchota mchanga au nafaka kwa kijiko, na kufinyanga unga uliokandwa humshika mtoto wa miaka 2 kuliko kitu chochote cha betri. Hata hivyo, iache kwa saa ambazo kuna mtu mzima mwingine, au kichanga amelala na wewe umesimama pale pale. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu, kwa hiyo ndoo na beseni vimwagwe mara mchezo unapokwisha. Nafaka huweza kumkaba. Na unga uliokandwa kwa chumvi nyingi una madhara ukiliwa kwa wingi. Mchezo unaokulazimisha kuruka na kichanga kifuani haufai, hata kama humtuliza mkubwa.

Kuhusu ukubwa wa vitu, kipimo rahisi ni bomba la karatasi linalobaki shashi ya chooni inapokwisha: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Betri ndogo za mviringo ziondolewe kabisa mahali anapofika, kwa kuwa ikimezwa moja na kukwama kooni huanza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili. Ukishuku kwamba amemeza, mpeleke hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Nimejifungua kwa upasuaji na siruhusiwi kumnyanyua. Nitachezaje naye?

Kwa kawaida mama aliyefanyiwa upasuaji hushauriwa kutonyanyua kitu kizito kuliko kichanga wake kwa takriban wiki 6. Mkubwa haelewi mshono ni nini. Anachokiona ni mama asiyebeba tena. Mwonyeshe njia nyingine ya kukufikia: keti kitandani au kwenye kochi, weka kigoda imara chini, na umfundishe kupanda mwenyewe hadi ubavuni, huku mto ukiwa umelinda tumbo lako. Michezo ya kulala inafaa sana wakati huu. Mama anakuwa mgonjwa na mtoto daktari, anakufunika, anakupima kwa kijiko, anakupa dawa ya kujifanya, na wewe umelala unapumzika kwa haki kabisa.

Je, kumpa kazi za kumsaidia mama ni jambo zuri?

Ni zuri kwa kiasi. Kuleta nepi, kutupa chafu kapuni, kuchagua nguo moja kati ya mbili na kumwimbia anayelia ni kazi anazoweza na atazifurahia. Tatizo huja pale sifa zote anazopata nyumbani zinapotokana na huo usaidizi, akaanza kuamini kwamba anapendwa kwa sababu ya nepi alizoleta. Siku akikataa, na atakataa, isiwe kosa.

Lenye faida kubwa kuliko kazi ni mazungumzo. Katika utafiti wa Dunn na Kendrick uliotajwa hapo juu, pale mama alipozungumza na mkubwa kuhusu kichanga kama mtu mwenye mahitaji na hisia, uhusiano wa ndugu hao ulielekea kuwa wa kirafiki zaidi baadaye. Muulize, "Unadhani analia kwa nini? Ana njaa, au nguo inambana?" kisha mfuate wazo lake mkaangalie pamoja. Mtoto wa miaka 2 na nusu hulichukulia swali hilo kwa uzito mkubwa, wala hataki kuharakishwa.

Zawadi "kutoka kwa kichanga" inasaidia?

Haidhuru, lakini isitegemewe. Mkubwa atapokea zawadi na ataendelea kutaka kubebwa.

Vipi kuhusu televisheni na simu?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini, na kwamba wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Tuwe wakweli: katika wiki za kwanza zipo jioni ambazo katuni fupi ndiyo itakayomwezesha mama kunyonyesha bila machozi ya watu watatu. Ikibidi, iwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, iwe katika ngwe ile ile ya siku, na isiwe jibu la kila mara kichanga anapokamata ziwa, kwa sababu ukimzoesha hivyo mara 8 kwa siku hutaweza kuliondoa zoea hilo kirahisi.

Mwongozo huo huo unataka watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwa zimesambazwa. Mtoto ambaye hajakimbia asubuhi atakimbia usiku. Ikiwa huna wa kukusaidia, mfunge kichanga kifuani kwa mbeleko, pua na mdomo vikiwa wazi na uso wake ukionekana, kidevu kisibane kifua, kisha mtoke.

Amerudia kujikojolea, anaongea kitoto na anataka kunyonya. Nimkemee?

La. Kurudi nyuma kwa namna hii ni jambo la kawaida na aghalabu hupita lenyewe. Mtoto anajaribu kama njia zilizomfikisha kichanga mapajani zitamfikisha na yeye. Mvalishe nepi usiku ikibidi, bila hotuba, na umpe nafasi ya kudeka kama mchezo wa wazi: mfunge katika shuka, mpakate, umwite mtoto mchanga, umhesabie vidole vya miguu. Wengi hucheka, hujinyoosha na kuomba kushuka baada ya muda mfupi, maana kuwa kichanga huchosha kwa mtu aliyekwisha kujua kukimbia.

Kuhusu kunyonya, aliyekwisha kuacha ziwa mara nyingi huonja tu na kuondoka, akiwa amesahau hata namna ya kuvuta. Aliye bado ananyonya anaweza kuendelea, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Ila kichanga atangulie, hasa siku za mwanzo anapohitaji dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua.

Anampiga mdogo wake na kusema arudishwe alikotoka. Nifanyeje?

Zuia mkono kabla ya kuzungumza. Kisha sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Sitakuacha umpige. Ulitaka nije." Hotuba ndefu humpa mkubwa tuzo aliyoitafuta, yaani uso wako wote ukimwelekea yeye. Baadaye, pale nyote mmetulia, mwonyeshe jinsi ya kumgusa: kiganja wazi, miguuni, polepole. Kuhusu hilo la arudishwe, mwache aliseme. Unaweza kumjibu kwamba ni kweli inachosha kumsubiri mtu anayelia kila saa, na ukaishia hapo.

Jihadhari na sentensi ambazo humtwisha kichanga lawama. Badala ya kusema, "Siwezi kukubeba kwa sababu ya mtoto," sema, "Mikono yangu ikiwa wazi nitakubeba." Na mara moja moja, mgeukie kichanga umwambie kwa sauti inayosikika, "Subiri kidogo, namalizia kumvalisha dada yako kiatu." Kichanga hatadhurika kwa kusubiri nusu dakika, na mkubwa atatembea siku nzima akiwa amesikia kwamba kumbe hata huyo mwingine huambiwa asubiri.

Ninaweza kuwaacha wawili hao chumbani nikaenda jikoni?

Hapana, hata kwa dakika moja na hata kama mkubwa ni mpole. Hatari nyingi hutokana na upendo: atamfunika blanketi usoni ili asipate baridi, atamtumbukizia midoli kitandani, atampa kipande cha chakula chake au kidole chenye asali. Kichanga anapaswa kulala chali, mahali pagumu kiasi, pasipo mito wala midoli. Hapaswi kupewa chochote isipokuwa maziwa hadi afikishe miezi 6. Na asali haifai kabisa kabla ya mwaka 1. Ukiondoka, ondoka na mmoja wao.

Mkubwa anawe mikono anapotoka nje, na abusu miguu badala ya uso, hasa akiwa na mafua. Kichanga aliye chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Baba na wageni wafanye nini?

Kosa la kawaida ni mtu mwingine kumchukua mkubwa moja kwa moja, ili mama abaki na kichanga. Mpango huo unapunguza kelele lakini unamthibitishia mtoto hofu yake. Mara moja kwa siku ugeuzwe: baba amchukue kichanga aliyekwisha kushiba, na mama awe na mkubwa kwa dakika 10 au 15, simu ikiwa mbali, wakicheza anachotaka yeye. Dakika hizo zipewe jina na saa yake, mathalani baada ya kuoga, ili azitarajie. Wageni nao waombwe kwa upole kumsalimia mkubwa kwanza, na kumwacha awaonyeshe kichanga mwenyewe.

Saa za usingizi wa mchana haziendani. Nikubaliane na hali hiyo?

Kwa wiki za mwanzo, ndiyo, kwa kuwa kichanga hana ratiba. Linda usingizi wa mkubwa badala yake. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na wivu wa mtoto aliyekosa usingizi ni mkali maradufu.

Hali hii hudumu muda gani?

Hutofautiana. Brenda Volling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walifuatilia familia 241 tangu ujauzito hadi kichanga alipotimiza mwaka, na wakaona kwamba watoto walio wengi huzoea vizuri; wanaopata misukosuko mikubwa ya muda mrefu ni wachache. Ikiwa mkubwa haachi kumdhuru mdogo wake, amekataa kula kwa siku kadhaa, au amepoteza furaha hata katika mambo aliyoyapenda, zungumza na mtaalamu wa afya ya watoto. Mama naye akiona huzuni yake haiishi zaidi ya wiki 2 baada ya kujifungua, aende kwa ajili yake mwenyewe.

Na kichanga akianza kutambaa?

Vitaanza vita vipya, na safari hii ni vya mali. Kati ya miezi 6 na 10 hivi, kichanga hufika kwenye mnara uliojengwa kwa nusu saa na kuuangusha kwa kiganja kimoja. Mtengee mkubwa eneo la juu, kwa mfano meza fupi au sehemu iliyozungushiwa uzio, ambapo vitu vyake haviguswi, na asilazimishwe kugawana kila kitu. Wakati huo huo mfundishe kubadilishana badala ya kunyang'anya: akitaka kitu kilicho mkononi mwa mdogo wake, alete kingine akinyooshe mbele yake. Kichanga wa miezi 8 huachia cha kwanza karibu kila mara.